Mbwa wa kazi: Aruke geti au afunguliwe?

MKULIMA aliyezungushia shamba lake seng'enge anajua faida yake. Ng'ombe hawatoki ovyo na mwizi haingii kirahisi. Lakini seng'enge haichagui. Mbwa wa mwenye shamba akikosea kuruka kwa upana wa vidole viwili tu, miiba humnasa kama ambavyo ingemnasa mwizi.

Nchini Uingereza, suala hilo limezua mjadala wa muda mrefu miongoni mwa wanaofuga mbwa wa kazi aitwaye lurcher. Wapo wanaosema mbwa asiyejua kuruka geti hana kazi shambani. Wengine wanasema mbwa anayeruka kila kitu yuko njiani kwenda kwa daktari wa mifugo.

Pande zote mbili zina hoja, na wafugaji wa huku kwetu wana la kujifunza.

Ni mbwa wa aina gani?

Lurcher ni chotara. Upande mmoja wa wazazi wake ni mbwa wa mbio kama greyhound, whippet au saluki. Upande wa pili mara nyingi ni mbwa wa kuchunga kondoo aina ya collie, au mbwa mdogo mkali wa jamii ya terrier. Lengo ni kupata mbwa mwenye mbio za huyu na akili na uvumilivu wa yule.

Mbio hizo si za mchezo. Greyhound anaweza kufikia zaidi ya kilomita 60 kwa saa.

Kazi yake kubwa ni kukamata sungura wanaochimba mashimo, ambao hula ngano changa, mboga na majani ya malisho. Huko Uingereza na Wales, Sheria ya Viumbe Waharibifu ya mwaka 1954 inamtaka mwenye shamba kuwadhibiti sungura hao.

Aidha, Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005, ilipiga marufuku kuwinda wanyama wengi wa porini kwa mbwa. Sungura wa mashimo na panya waliachwa nje ya marufuku hiyo, mradi mwenye ardhi ametoa ruhusa.

Hivyo, ruhusa ya mwenye shamba ndiyo mtaji wa mfuga lurcher. Akiipoteza, mbwa wake hana pa kufanyia kazi.

Hatari iko wapi?

Mashamba ya Uingereza yamegawanywa kwa mageti ya mbao au chuma, kuta za mawe, miti ya ua, na uzio wa wavu wenye waya mmoja au miwili ya seng'enge juu yake. Geti la kawaida la shamba lina urefu wa zaidi kidogo ya mita 1, na lurcher mwenye afya hulivuka bila shida.

Geti na ukuta si tatizo kubwa, kwa sababu mbwa anaona wazi kilele kiko wapi. Tatizo ni waya. Wakati wa jioni au usiku, mbwa aliyekaza macho kwa sungura anayekimbia huona wavu lakini haoni waya mwembamba ulio juu yake.

Anaporuka, mguu wa nyuma unaweza kupita kati ya seng'enge na wavu. Uzito wa mwili ukishuka upande wa pili, nyaya mbili hujisokota na kuubana mguu kama kitanzi. Mbwa hubaki ananing'inia. Akikaa hivyo kwa muda mrefu damu haipiti, na mguu unaweza kulazimika kukatwa.

Hata asiponaswa, ngozi ya mbwa wa jamii hii ni nyembamba na haina mafuta mengi chini yake. Mwiba mmoja unaweza kuichana kuanzia kifuani hadi tumboni.

Hatari nyingine ni kutua. Miguu ya mbele ndiyo inayopokea uzito wote, hivyo vifundo, vidole na mabega huumia mbwa anapotua kwenye mawe, barafu au mteremko asiouona.

Asiyejua naye yuko hatarini

Hata hivyo, kumnyima mbwa mafunzo hakumwondolei hatari. Siku akimwona sungura upande wa pili, atajaribu kupita tu. Atajipenyeza kwenye tundu la wavu, au atapanda na kuteleza juu ya waya. Mbwa anayeruka kwa kubahatisha huumia kuliko aliyefundishwa kupima umbali na kukunja miguu.

Kwa upande mwingine, mbwa aliyezoea kuruka bila ruhusa hafai. Leo anavuka geti la bwana wake, kesho anavuka ua wa jirani mwenye kondoo, na keshokutwa yuko barabarani.

Chini ya Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971 ya Uingereza na Wales, mwenye mbwa aliyeua au kujeruhi mifugo ya mtu kwa kawaida hulipa hasara. Mwenye kondoo anaweza hata kumpiga risasi mbwa anayeshambulia mifugo yake na akalindwa na sheria hiyo, akitimiza masharti, mojawapo likiwa kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48.

Kwa hiyo jibu linalofaa ni hili: mbwa afundishwe kuruka, lakini aruke kwa amri, na asiruke waya ulio wazi.

Samaki mkunje angali mbichi

Mafunzo huanza na kusubiri. Mtoto wa mbwa afundishwe kukaa mbele ya geti hadi aitwe, hata kama geti liko wazi. Somo hilo halihitaji kuruka, na ndilo linalookoa maisha baadaye.

Kuruka kwenyewe kungoje. Mifupa ya mbwa mkubwa huendelea kukua hadi afikishe mwaka 1 au zaidi, na kumrusha juu mapema kunaweza kuharibu viungo. Kabla ya hapo inatosha avuke ubao uliolala chini.

Akishakomaa, ubao upandishwe kidogo kidogo kwenye ardhi laini na tambarare. Uwe mzima usiopenyeka, ili ajifunze kupita juu na si katikati. Neno la amri liwe moja tu siku zote.

Shambani, mwenye mbwa akague upande wa pili kwanza. Kama kuna geti, afungue wapite, kisha alifunge. Kama kuna seng'enge, atandike gunia nene au koti zito juu yake ndipo amwite mbwa, au ambebe. Uzio wa umeme uepukwe kabisa, kwani mbwa aliyepigwa shoti anaweza kutimua mbio asisikie tena anapoitwa.

Akinaswa

Usimvute. Mfunge mdomo kwanza kwa kitambaa, ukihakikisha anapumua, kwa sababu mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayemlisha. Kisha mnyanyue mwili ili uzito utoke kwenye mguu, na mtu wa pili akate waya kwa koleo huku akijihadhari, kwani waya uliokazwa hufyatuka.

Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi, na mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Usimpe dawa za binadamu za kutuliza maumivu. Ibuprofen, kwa mfano, ni sumu kwa mbwa.

Somo kwa mfugaji wa huku

Nchini Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania unahitaji leseni. Mbwa wengi wa huku ni wa kulinda boma na mifugo. Lakini seng'enge ni ile ile, na mbwa anayeruka ua usiku ni yule yule.

Kwa mbwa wetu kuna hatari zaidi. Anayetoka na kurudi apendavyo hukutana na mbwa wazururaji, na anaweza kuleta kichaa cha mbwa nyumbani kwenye watoto. Chanjo ni ya lazima, lakini ua unaomzuia nao ni kinga.

Mfugaji anaweza kuanza leo bila gharama kubwa. Akaze waya uliolegea, apigilie fito au ubao juu ya seng'enge pale mbwa anapopenda kupita, na amfundishe kungoja getini. Gunia kuukuu na koleo ni rahisi kuliko mguu wa mbwa.