Mbotela na Kengele ya Ng'ambo

Njooni mkae hapa kwenye ngazi, jua limeshaondoka upande huu. Mmoja wenu kaniuliza kwa nini mtaa wetu unaitwa Mbotela. Jibu linaanzia Mombasa, kwenye kivuko.

Mji wa Mombasa uko kisiwani. Upande wa kaskazini, kati ya kisiwa na Nyali, umepenya mkono wa bahari, na zamani hapakuwa na daraja. Ukitaka kwenda ng'ambo unashuka hadi majini, unapanda mashua, unavushwa. Huko ng'ambo, mwaka 1875, wamisionari Waingereza walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Manowari za Uingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini, na waliokuwamo wakaletwa hapo. Kijiji kikaitwa Freretown, kwa jina la Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Sultani aikomeshe biashara hiyo.

Palikuwa na kengele. Ikilia mchana, watu waende kanisani. Ikilia wakati usio wake, jihadharini, wenye kuwinda watumwa wanakuja! Hebu fikirieni mtu aliyefunguliwa minyororo mwezi uliopita, amelala, halafu aisikie usiku wa manane.

Mwaka 1931 mashua zikapata mpinzani: daraja linaloelea. Msicheke. Lete karai la maji, weka sinia juu ya maji. Bonyeza kidogo: linadidimia, halizami. Ndivyo daraja lilivyokuwa, limebebwa na maboya makubwa, likipanda na kushuka pamoja na maji ya bahari, na magari juu yake. Ukivuka ulikuwa unalipa. La zege, hili la sasa, lilikuja mwaka 1980.

Sasa turudi kwetu. Miongoni mwa waliozaliwa Freretown alikuwa James Juma Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliokombolewa. James akaandika habari za watu hao katika kitabu, *Uhuru wa Watumwa*, kikatoka mwaka 1934. Kwa Kiswahili, wanangu, na mimi hilo ndilo ninalolipenda zaidi. Mwanawe, Tom Mbotela, akaingia siasa hapa Nairobi. Aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya hali ya hatari kutangazwa, na mtaa ukapewa jina lake. Wenzenu wa mtaa wa Ofafa nao waulizeni Ofafa alikuwa nani. Alikuwa diwani, naye aliuawa mwaka uliofuata.

Kengele ya Freretown ingalipo, imetundikwa kando ya barabara. Mahali pale panaitwa Kengeleni, na ni kituo cha matatu. Makanga wa huku anapaza sauti "Mbotela! Mbotela!" akipita Jogoo Road, na yule wa Mombasa, akishavuka daraja, "Kengeleni! Kuna wa Kengeleni?"