JE, MTOTO WA MPIGAJI NAYE ATAPIGA?

Katika mdahalo wa Jumamosi wa muhula huu, upande mmoja ulishikilia ya kuwa kijana aliyelelewa katika nyumba ya ngumi hafai kuchumbia wala kuchumbiwa, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Upande wa pili ulijibu kwa kelele zaidi kuliko kwa hoja, na kura zikawaendea wale wa kwanza. Mimi nilikuwa mtunza saa, sikuwa na ruhusa ya kusema neno. Basi namshukuru Mhariri kwa kunipa nafasi hapa, kwa sababu jambo lenyewe si la mchezo. Wengi wenu mtamaliza Kidato cha Sita, mtakwenda vyuoni na makazini, na huko hapana kengele wala mwalimu wa zamu. Mtapendana, mtakorofishana, na kila mmoja atakwenda na yale aliyoyaona kwao.

Kwanza nieleze jinsi mtoto anavyojifunza kupiga bila kufundishwa. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenziwe wawili, Dorothea Ross na Sheila Ross, walitangaza jaribio walilolifanya katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Walichukua watoto wadogo 72. Watoto 24 kati yao walimtazama mtu mzima akilishambulia sanamu kubwa lililojazwa upepo: alilipiga ngumi, akaligonga kwa nyundo ya mti, akalirusha juu, huku akitoa maneno makali. Wengine 24 walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na 24 waliobaki hawakuonyeshwa mtu yeyote. Kisha kila mtoto aliudhiwa kidogo, yaani alipewa vichezeo vizuri akanyang'anywa mara, ndipo akaingizwa katika chumba chenye sanamu kama lile. Wale waliomwona mpigaji walipiga kwa namna yake ile ile, na wengine wakayarudia hata maneno yake.

Angalieni sana jambo hili. Hakuna aliyewaambia watoto wapige, wala hakuna aliyewapa zawadi. Waliona tu, wakaweka akibani, na akiba ile ikatoka walipoudhiwa. Ndivyo ilivyo nyumbani. Mtoto aliyejifunika blanketi huku akisikia baba akimpiga mama hajifunzi tu ya kuwa watu hupigana. Hujifunza pia ni wakati gani hupigana: chakula kikichelewa, fedha zikiulizwa, mtu akijibu. Tena hujifunza kwamba baada ya kofi nyumba hunyamaza. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, nionavyo mimi, maana kwa macho ya mtoto kofi limefanya kazi yake. Asubuhi chai iko mezani, jirani hakuuliza kitu, na baba anakwenda zake kazini amevaa shati lililopigwa pasi na mama yule yule.

Kuna jambo la pili, nalo halionekani upesi. Mwaka 1990 Kenneth Dodge, John Bates na Gregory Pettit, wa Marekani pia, waliandika habari za watoto 309 waliowafuatia tangu umri wa miaka 4. Waliona kwamba watoto waliokuwa wameumizwa kwa kupigwa nyumbani walikuwa wepesi wa kuona nia mbaya mahali isipokuwapo, na wazito wa kufikiri njia nyingine ya kujibu isipokuwa ugomvi. Sasa lichukueni hili mlipeleke katika uchumba. Mtu asiye na hofu, asipojibiwa ujumbe wa simu kwa saa nzima, husema labda simu imezima, au mwenzangu yuko darasani. Aliyekulia katika hofu husema, ananidharau, au yuko na mwingine. Si mjinga huyu. Alipokuwa mdogo ilimbidi ausikilize mlio wa viatu vya baba ukumbini ajue usiku utakuwaje, na kukosea kungemletea maumivu. Masikio yale aliyoyanoa kwa ajili ya baba ndiyo anayomsikilizia mchumba wake, ambaye hana kosa.

Baada ya mdahalo kijana mmoja alinifuata nyuma ya bwalo, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Sasa, Mwalimu, mimi nimekwisha hukumiwa?" Sikumwuliza habari za kwao. Nilimpa hesabu, nami nawapa ninyi nyote.

Mwaka 1989 Bi. Cathy Widom alichunguza mambo ya watoto 908 wa Marekani ambao mahakama zilithibitisha, kati ya mwaka 1967 na 1971, kwamba waliteswa au walitelekezwa. Akawalinganisha na watoto 667 wa hali kama zao ambao hawakuwa na mashauri kama hayo. Katika wale wa kwanza, 26 katika kila 100 walikuja kukamatwa kwa makosa wakiwa wangali vijana. Katika wale wa pili, 17 katika kila 100. Hatari iliongezeka, hilo halina ubishi. Lakini isomeni hesabu hadi mwisho: katika kila watoto 100 walioteswa, 74 hawakukamatwa. Kukamatwa na polisi si sawasawa na kumpiga mchumba, nakubali. Hata hivyo Bi. Sandra Stith na wenzake, walipokusanya pamoja uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa juu ya mambo ya mume na mke, na kuutangaza mwaka 2000, waliona mfano huo huo: uhusiano kati ya nyumba ya utotoni na ugomvi wa ukubwani upo, lakini si mkubwa. Ndugu zetu wa upande ulioshinda waliitaja nusu ya kwanza ya habari hii, nayo ile nusu ya pili wakaiacha nje ya bwalo.

Wala msidhani kwamba ngumi za uchumba ni za watoto wa nyumba mbaya peke yao. Bwana Murray Straus wa Chuo Kikuu cha New Hampshire aliongoza uchunguzi wa wanafunzi wa vyuo vikuu katika nchi 32, Tanzania ikiwamo. Habari alizozitoa mwaka 2008, za wanafunzi 13,601, zilionyesha kwamba karibu theluthi moja, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamemshambulia mpenzi wao katika miezi 12 iliyopita, kuanzia kumsukuma na kumpiga kofi. Mara nyingi wote wawili walipigana. Nasikia wavulana wakipiga makofi, wangoje kidogo. Mkono wa mvulana na mkono wa msichana haviumizi sawasawa, na wanaoishia hospitali, au wanaoishi kwa kuogopa, zaidi ni wanawake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2005 kwamba, katika wanawake waliopata kuwa na mume au mpenzi, 41 katika kila 100 waliohojiwa Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 waliohojiwa mkoani Mbeya, walikuwa wamepigwa au kulazimishwa naye. Jambo jingine aliloliona Straus ni kwamba mmoja akitaka kuwa bwana juu ya mwenziwe, awe mwanamume au mwanamke, hatari ya kupigana huzidi.

Hapo ndipo pa kuangalia, kuliko kuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Kugombana si ugonjwa. Watu wawili wenye akili zao hawana budi kutofautiana. Ugonjwa ni mmoja kutaka namba za siri za simu ya mwenziwe, kumchagulia nguo, kumkataza marafiki na hata dada zake, kisha kuyaita hayo mapenzi. Nimewahi kusikia wasichana wakisema kwamba asiye na wivu hapendi. Neno hili limewafunga macho wengi, kwa kuwa wivu huanza na maswali, na maswali yakizoeleka huja kofi, na kofi la kwanza hufuatwa na machozi na zawadi.

Kijana wa nyuma ya bwalo aliniuliza tena afanye nini hasira ikipanda. Bwana John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, aligundua kwamba moyo wa mtu ukishapita mapigo 100 kwa dakika katika ugomvi, masikio yake hayasikii tena hoja. Ashauri watu waachane kwa muda usiopungua dakika 20, kila mtu afanye jambo jingine, kisha warudi kuzungumza. Neno "warudi" lina uzito wake: aliyeondoka bila kusema atarudi lini amenuna, hakupumzika. Na yafaa kumweleza mchumba mapema, siku ya amani, "Kwetu watu walipigana, nami nikikasirika nitatoka nje kidogo." Kusema hivyo kwataka ushujaa zaidi ya kurusha ngumi.

Je, watu hubadilika? Huko North Carolina, Bi. Vangie Foshee na wenzake waliwafundisha wanafunzi mambo haya kwa masomo 10 na mchezo wa kuigiza. Miaka minne baadaye waliofundishwa walikuwa na ugomvi mdogo wa mapenzi kuliko wasiofundishwa. Karibu na kwetu, mjini Kampala, kazi iliyoitwa SASA! ilifanywa mitaani na majirani wenyewe, na habari zake zikatolewa mwaka 2014: mitaa iliyofanyiwa kazi ile ilionekana kuwa na wanawake wachache zaidi waliopigwa na waume au wapenzi wao.

Sheria nayo ijulikane. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mume au mke wake kwa kumpiga. Mchumba basi ndiye asiye na haki hiyo hata kidogo, na kumpiga ni shambulio kama kumpiga mpita njia. Dawati la Jinsia na Watoto liko katika vituo vya polisi, na aliyejeruhiwa hupewa polisi fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Aliye mtoto aweza kupiga simu namba 116 bila malipo. Nami napatikana katika chumba kilicho karibu na maktaba, kila siku ya kazi baada ya saa kumi.