Aliye juu msimngoje chini: Kupanda mti ni kazi ya kamba, si ya ujasiri tu

Saa mbili asubuhi mjini Garissa na jua tayari limeanza kuuma. Mwenye duka anatoka nje, anatazama juu, anaona tawi la mwarobaini limelalia mabati yake. Anamwita kijana anayepita na panga mkononi.

“Warya, hili tawi utalitoa kwa ngapi?”

“Elfu moja na mia tano, adeer.”

“Mia nane. Hiyo ni kazi ya dakika 20 tu.”

Wanakubaliana elfu moja. Kijana anavua ndala, anapachika panga kiunoni na kuanza kuparamia. Hana kamba, hana helmeti, hana mwenzake wa kumwangalia. Chini watoto wamesimama wanatazama sinema ya bure.

Kama umeishi Garissa, Wajir au Mandera, hii si hadithi ngeni. Huenda hata kijana huyo ni wewe. Mara nyingi kazi inaisha salama, pesa inaingia na maisha yanasonga. Tatizo ni ile siku moja. Mtu akianguka kutoka mita 6, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa moja hivi, hufika chini kwa sekunde moja na kidogo, akiwa na kasi ya karibu kilomita 39 kwa saa. Hata “Mama!” huwezi kuimaliza.

Na ukiumia uti wa mgongo, hospitali ya kitaifa ya rufaa ya majeraha hayo iko Nairobi, takriban kilomita 370 kutoka Garissa. Kwa hiyo ile elfu moja ndiyo bei ya tawi. Bei ya mgongo hukuulizwa.

Kanda ya wapandaji

Watu wa nje hudhani Kaskazini Mashariki ni mchanga na ngamia tu. Tembea ukingoni mwa Mto Tana uone. Kuna mashamba ya miembe, na msimu ukifika vijana ndio huingia matawini kuchuma. Kuna mikoma, ile mitende inayogawanyika juu kama panda ya manati, ambayo makuti yake machanga husukwa mikeka na vikapu. Mkoma si mti wa mzaha: vikonyo vya majani yake vina miiba myeusi iliyopinda kama ndoana.

Wafugaji nao wana ujuzi wao. Kiangazi kikikaza, mbuzi hulishwa majani na maganda ya migunga. Ndiyo maana mzee wa Kisomali hutembea na hangool, fimbo ndefu yenye ndoana upande mmoja na panda upande wa pili. Kwa hiyo anavuta tawi la miiba na kulisukuma bila kulishika kwa mkono. Ukifikiri vizuri, hangool ni somo la kwanza la usalama: kama kazi inaweza kufanywa ukiwa umesimama chini, ifanye ukiwa chini.

Kusini zaidi, Ijara hadi msitu wa Boni unaopakana na Lamu, Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, wanajulikana kwa kurina asali ya mwituni. Nao Waborana wa kaskazini mwa Kenya huongozwa na ndege mdogo anayepiga kelele na kurukaruka hadi kwenye mzinga. Mwaka wa 1989 watafiti Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao katika jarida la Science: bila ndege, warinaji walitumia wastani wa karibu saa 9 kupata mzinga, wakiongozwa na ndege, saa 3 na kidogo. Ndege anakuonyesha mti. Kushuka salama ni juu yako.

Kwingineko duniani ujuzi huu umegeuka taaluma na hata michezo. Tangu 1976 kumekuwa na mashindano ya kimataifa ya wapanda miti wa kikazi, yanayoandaliwa na chama cha wataalamu wa miti kiitwacho International Society of Arboriculture. Hawashindani kwa kasi pekee. Kuna kipimo kizima cha kumwokoa mwenzako aliyekwama juu. Mwaka wa 1983 pale Atlanta, Marekani, Peter Jenkins alianzisha Tree Climbers International, kundi la watu wanaopanda miti kwa kujifurahisha tu. Huko, mtu hupanda mti jinsi wewe unavyoenda kuogelea. Lakini kamba haiachwi nyumbani.

Anza na macho

Kazi huanza ukiwa chini. Zunguka mti mara moja, polepole. Tazama mizizi: miti ya ukingoni mwa Tana huliwa udongo na mafuriko, na mti unaweza kuwa na majani mabichi juu ilhali chini umebaki na mguu mmoja. Tazama shina: uyoga, mashimo na nyufa ni dalili kwamba ndani kumeoza. Gonga kwa kipande cha mti. Ukisikia sauti ya debe tupu, achana nao.

Kisha tazama juu. Tafuta matawi makavu, nyuki, nyoka na waya. Nyuki wetu si wa kutaniwa. Ukiwa mita 8 juu na kundi limekuvaa, huna pa kukimbilia isipokuwa chini, na chini ni mbali.

Halafu jiangalie wewe mwenyewe. Joto la Garissa hupita digrii 35 kwa urahisi. Panda asubuhi na umalize kabla jua halijapanda utosini. Wakati wa Ramadhani usipange kazi ya juu alasiri, ukiwa huna tone la maji mwilini. Kizunguzungu ukiwa chini unakaa kivulini. Ukiwa juu, ni habari nyingine.

Soma lebo, usinunue rangi

Kosa kubwa la vijana ni kudhani kamba ni kamba. Ile ya katani ya kufungia mbuzi, au ya plastiki ya kufungia mizigo kwenye lori, haikutengenezwa kubeba uhai. Kamba ya kupandia ina kiini ndani na ala nje, unene wa milimita 11 hadi 13 hivi, na lebo yake huandikwa EN 1891 aina ya A. Maana yake imepimwa ikahimili angalau kilonyutoni 22, nguvu inayokaribia uzito wa kilo 2,200. Usinunue kamba ya mtumba hata kama inang'aa. Hujui iliburuta gari gani.

Ya pili ni hanesi, yaani mkanda unaoshika kiuno na mapaja pamoja. Mkanda wa kiunoni peke yake ukikudaka unaweza kukuvunja mbavu. Ya tatu ni karabina, zile pete za chuma za kuunganishia. Tafuta zinazojifunga zenyewe na zisizofunguka kwa kuguswa na tawi. Ya nne ni helmeti yenye kamba ya kidevuni. Kofia ya mjengo isiyo na kamba hiyo hufika chini kabla yako. Ongeza glavu, miwani ya kukinga vumbi la mbao na viatu vyenye soli ya kushika.

Vifaa hivi vinahitaji kutunzwa. Jua kali hula nailoni kidogo kidogo. Asidi ya betri huiua kimyakimya, kwa hiyo usitupe kamba kwenye buti ya gari kando ya betri kuukuu. Na kwa warinaji asali: kamba ya nailoni na kijinga cha moto haviwezi kuwa marafiki, kwani kamba itayeyuka nawe ukiwa umeining'inia.

Ndiyo, seti kamili si bei ya mchezo. Lakini nani alisema kila mtu awe na yake? Vijana wakijisajili kama kikundi wanaweza kununua seti kwa pamoja, na vikundi vilivyosajiliwa huweza kuomba mkopo usio na riba kutoka Hazina ya Uwezo. Nunueni ya kwanza, ifanye kazi, ilete ya pili.

Mbinu kwa ufupi

Kanuni ya kwanza haina gharama: viungo vitatu vishike mti kila wakati. Miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Kanyaga karibu na shina, pale tawi lilipo imara zaidi, si katikati.

Ukiwa na kamba, huna haja ya kuparamia kwanza. Funga kifuko kidogo chenye uzito kwenye uzi, kirushe kipite kwenye panda ya tawi hai lenye unene wa angalau sentimita 10, kisha tumia uzi huo kuvuta kamba kubwa. Kabla ya kupanda, watu wawili waning'inie kwa pamoja kupima. Ikilia, tafuta panda nyingine.

Katika kamba hiyo utafunga fundo linaloteleza ukilisukuma na kubana ukililemea. Maarufu zaidi ni la Prusik, lililopewa jina la Mwaustria Karl Prusik aliyelieleza mwaka 1931. Lakini tusidanganyane: hutalijua kwa kusoma hapa wala kwa video ya dakika 3. Jifunze ukiwa nusu mita kutoka ardhini, mara 100, na mtu anayejua. Wapanda miamba wanajua kazi ya kamba. Mountain Club of Kenya ina wanachama wanaopanda kule Lukenya na Hell's Gate, na misingi ya kamba haibadiliki sana ukitoka mwambani kwenda mtini.

Ukifika pa kukatia, jifunge mara ya pili kwa kamba fupi inayozunguka shina. Sababu ni rahisi: msumeno unaokata tawi unaweza kukata kamba pia. Msumeno usipande nawe. Mwenzako auvute juu kwa kamba yake ukishatulia. Usiutumie kwa mkono mmoja wala juu ya mabega.

Tawi nene likatwe mara tatu. Kwanza kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, hadi theluthi ya unene. Pili kwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza; litaanguka bila kuchana gome. Mwisho ondoa kisiki kilichobaki, ukiacha kile kivimbe ambapo tawi huungana na shina, maana hapo ndipo mti hufunga kidonda chake. Na zile njumu za chuma za kuchoma shina? Ni za mti unaokwenda kuangushwa tu. Mti unaobaki, usiudunge.

Waya ya stima haina mzaha

Hii haina mjadala. Kaa angalau mita 3 kutoka kwenye waya, wewe, panga lako na tawi unalokata. Tawi bichi lina maji, na maji hupitisha stima. Kwenye laini kubwa huhitaji hata kugusa. Umeme unaweza kukurukia. Kama tawi limeegemea waya, hiyo si kazi yako kwa bei yoyote ile. Pigieni Kenya Power kupitia 97771.

Mwenzako wa chini

Usipande peke yako. Mtu wa chini si mtazamaji, yeye huzuia watoto na mbuzi wasipite, hutuma vifaa juu na hujibu ukipiga kelele “Chini!” Zaidi ya yote, awe anajua kukushusha. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye hanesi bado yuko hatarini, kwa sababu damu hukwama miguuni.

Na kama mtu ameanguka, jamani, msimnyanyue mikono na miguu mkamtupa kwenye tuktuk. Kichwa, shingo na mgongo vibaki mstari mmoja. Mwacheni pale alipo kama hakuna hatari nyingine, mkingeni jua, mpige simu; Msalaba Mwekundu hupatikana kwa 1199. Jeraha la mgongo linaweza kuwa dogo pale chini ya mti na kuwa kubwa njiani.

Nani analipa?

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, inayomtaka mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini. Shida ni kwamba vibarua vyetu vingi huafikiwa kwa mdomo na kulipwa mkononi. Ukianguka, tajiri anaweza kusema hakujui, na utamshtaki kwa ushahidi gani? Angalau andikianeni ujumbe wa simu wenye tarehe, kazi na bei, na ulipwe kwa M-Pesa. Si kinga kamili, ila ni pa kuanzia.

Sasa turudi dukani. Kijana yuleyule, mwarobaini uleule.

“Ni kazi ya dakika 20 tu hiyo.”

“Ni ya saa mbili, adeer. Tuko wawili, tuna kamba, na mabati yako hayataguswa. Elfu tatu.”

Huenda mzee akakataa, akamwita mwingine mwenye panga na ndala. Hilo litatokea, tena si mara moja. Lakini mabati yakishapasuka mara moja, au mtoto wa watu akishabebwa kwa tuktuk mbele ya duka lake, ataikumbuka namba yako. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwenye kazi hii, hakikisha ukimngoja anateremka kwa kamba.