Jina la Batizo na Mapendo ya Inchi

Katika masomo ya wakatekista upande wa Pangi, swali moja linarudi mara nyingi, na wanaoliuliza si watu wa mchezo. Wanauliza hivi: wazee wetu waliofuta jina la Petro au la Maria katika kartasi zao za Leta mwaka 1972, je, walimkana Kristu? Na kama hawakumkana, kwa sababu gani basi Kadinali Malula alipata taabu nyingi wakati ule ule? Kuna jamaa ambamo watoto wangali wanabishana juu ya mzee aliyekwisha kufa. Kwa hiyo haifai tuwajibu kwa maneno mawili.

Tukumbuke kwanza mambo yenyewe. Tarehe 27 mwezi wa kumi 1971 inchi yetu iligeuzwa jina, ikaitwa Zaire. Mwanzo wa 1972 Rais Mobutu aliacha jina lake la Joseph-Désiré akajiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaamriwa kufanya vile vile: majina ya kigeni yaachwe, yashikwe yale ya mababu. Siasa hiyo iliitwa otantisite, ndiyo kusema kurudia asili yetu. Padri ambaye angempa mtoto jina la Kizungu katika batizo alitishwa kifungo. Tarehe 12 mwezi wa kwanza wa mwaka huo, Afrique Chrétienne, gazeti la wakatoliki la Kinshasa, liliuliza kama kufufua mambo ya kale kutatosha kwa kutatua shida za watu wa leo. Leta ikamtia hatia Kadinali Malula. Gazeti likafungwa kwa muda, kadinali akanyang'anywa nishani ya taifa, akatolewa katika nyumba yake, akaenda Roma. Alirudi katikati ya mwaka ule ule.

Hapa tusisahau jambo moja ambalo wengi hulisahau. Huyo aliyeitwa adui wa asili yetu ndiye aliyetamani kuliko wengi Eklezia iwe ya Kiafrika kweli. Misa tunayoiimba leo kwa ngoma na vigelegele, pamoja na kuwaita mababu wenye moyo mnyofu, aliisumbukia miaka mingi. Roma iliikubali mwaka 1988, naye akafa mwaka uliofuata. Basi ugomvi wa 1972 haukuwa kati ya Uafrika na Uzungu, hata kama redio ilihubiri hivyo kila siku.

Tuje sasa kwenye jina. Sakramenti ya Batizo inasimama juu ya maji na maneno ambayo Bwana wetu alituachia. Jina la mtakatifu si sehemu yake. Sheria ya Eklezia iliyotumika wakati ule (Kodeksi ya 1917, kanuni 761) ilimwagiza paroko ajitahidi mtoto apewe jina la kikristu. Wazazi wakikataa, aongeze mwenyewe jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili katika buku la batizo. Maana yake, sheria ile ilikwisha kuona kwamba mtu anaweza kubatizwa vizuri na kuitwa mbele ya watu kwa jina lingine. Kodeksi mpya ya 1983 (kanuni 855) inaomba neno dogo zaidi: jina lisiwe kinyume cha roho ya kikristu, basi.

Wakristu wa kwanza walifanya vivyo hivyo. Yule Apolo tunayemsoma katika Matendo ya Mitume aliitwa kwa jina lililotoka kwa mungu wa Wagiriki, na hatusomi kwamba mtume yeyote alimwambia alibadili. Mfano ulio karibu zaidi ni ule wa Danieli na wenzake watatu. Walipofika Babeli mkubwa wa nyumba ya mfalme aliwaondolea majina yao ya Kiyahudi, ambamo jina la Mungu lilisikika, akawapa ya kipagani. Hawakugombana. Danieli akaitwa Beltshaza, akafanya kazi ya Leta ile, tena akaifanya vema. Lakini ilipoletwa sanamu ya dhahabu na watu wakaamriwa kuisujudia, wale watatu walikataa, ingawa tanuru liliwangoja. Kwa jina walikubali, kwa magoti walikataa. Mafratri wanaotafuta kipimo cha mambo ya 1972 wasome sura ya kwanza na ya tatu za kitabu hicho pamoja, wasizitenge.

Tuwaambie basi wale wanaobishana: mzee aliyeandikisha jina la babu yake tu, huku akiendelea kusali, kufundisha wanawe katekismu na kupokea sakramenti, hakumkana Kristu hata kidogo.

Tena kwa Warega wa Pangi amri ile ilikuwa na kichekesho chake. Mwaka 1948 Leta ya Wabelgiji ilikataza bwami, chama cha wazee kinachompandisha mtu ngazi kwa ngazi kwa mafundisho na adabu mpaka ile ya kindi. Na wamisionari wengi nao hawakuipenda. Waliosikia katika maisha yao Leta moja ikisema “acheni mambo ya mababu” na nyingine ikisema “rudieni mambo ya mababu,” zote mbili kwa kutisha adhabu, walijifunza kutochukua kila amri ya Leta kuwa sauti ya inchi.

Lakini chama cha MPR hakikusimama kwenye majina. Kilitaka vijana wake, JMPR, waweke kamati zao ndani ya kila seminari. Maaskofu walikataa kwanza, kisha wakakubali kwa mashariti. Sisi tunaona kwamba hapo palikuwa pagumu kuliko jina, kwa sababu nyumba inayomlea padri haiwezi kuwa na wakubwa wawili. Hata hivyo hatuwahukumu, maana waliogopa kuona seminari zote zimefungwa. Mwaka 1974 mambo yalizidi. Noeli iliondolewa katika siku kuu za Leta, misalaba ikashushwa katika nyumba za Leta na picha ya Mobutu ikabaki. Shule za Eklezia zikatwaliwa mwisho wa mwaka. Leta ilipatana na makanisa juu ya usimamizi wake tarehe 26 mwezi wa pili 1977. Tena Engulu, mmoja wa mawaziri, alitangaza wazi kwamba MPR ni kanisa na Mobutu ni masihi wake. Hapo sanamu ya Babeli ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Mkristu aliyeikubali kwa midomo kwa kuwa aliogopa, tumwonee huruma. Aliyeikubali kwa moyo alikuwa ametoka katika imani, hata kama jina lake liliendelea kuwa Petro.

Taabu kubwa ya miaka ile ilitoka katika kuchanganya vitu vitatu: inchi, Leta na chama. Inchi ni baba na mama, makaburi, lugha, mashamba, watoto watakaozaliwa. Kuipenda ni deni la amri ya nne. Leta inastahili kutiiwa katika mambo ya haki, ndivyo Paulo alivyowafundisha Waroma. Chama ni watu waliojiunga kwa shauri fulani, nalo linaweza kuwa zuri au baya. MPR ilipoandika kwamba kila Mzaire amezaliwa ndani yake, ilivifanya vitatu kuwa kimoja, na kila aliyekataa shauri la chama akaitwa msaliti wa inchi. Tarehe 16 mwezi wa pili 1992 wakristu wa Kinshasa walitembea barabarani na misalaba na rozari kwa kuomba Konferansi ya taifa ifunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi, na watu wakafa. Nani siku ile aliipenda inchi zaidi, wale wenye bunduki au wale wenye rozari?

Majina ya watakatifu yalirudi bila kishindo chama kimoja kilipokwisha mwaka 1990, na sasa Mkongomani wengi ana majina matatu. Kuna na neno la furaha: Anuarite alitangazwa mwenyeheri mwaka 1985, Bakanja mwaka 1994. Mtoto akibatizwa leo Anuarite, hakuna chama wala kanuni itakayolalamika.

Yabaki mambo ya siku za uchaguzi. Padri hawezi kushika kazi ya utawala wa Leta (kanuni 285), wala kuongoza chama cha siasa, isipokuwa wakubwa wa Eklezia wakiona ni lazima (kanuni 287). Katekista ni mlei. Anaweza kuwa na chama chake, na Mtaguso wa pili wa Vatikano unawasifu wanaojitoa kwa kazi ya siasa kwa ajili ya wote. Lakini katika vijiji vya mbali, anapoongoza sala ya Dominika bila padri, watu wanaona kwake Eklezia nzima. Akiombwa na mgombea aseme neno baada ya matangazo, amjibu kwa heshima kwamba barza iko nje, na watu watatoka sala ikiisha.