Ulinzi wa Mtandao Shuleni: Fungu Litoke Wapi? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi intaneti ilivyofika katika shule za Rwanda. Leo tuangalie ulinzi wake, na hasa nani aulipie. Batsinda panafaa kulipimia swali hili. Mtaa huu wa sekta ya Kinyinya, wilayani Gasabo jijini Kigali, ulijengwa kupokea familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu, na jirani yake Kagugu ipo shule iliyokuwa miongoni mwa za mwanzo kupata kompyuta mpakato za watoto, katika mradi ulioanza mwaka 2008 na kugawa zaidi ya kompyuta 200,000 nchini. Wakati ule hofu ilikuwa kompyuta kuibwa au kuharibika. Siku hizi kilicho na thamani zaidi hakishikiki kwa mkono: alama za mitihani, mahudhurio, majina ya wazazi na namba zao za simu, vyote vimo katika mifumo ya taifa, na ufunguo wake ni nywila ya mwalimu. Nywila ile ikiandikwa ukutani, au ikitumiwa na ofisi nzima, seva iliyo imara namna gani haitasaidia kitu.

Hoja yangu ni kwamba gharama ya ulinzi ni sehemu ya gharama ya intaneti yenyewe, kama vile kitasa kilivyo sehemu ya bei ya mlango. Fungu linalofikisha mtandao shuleni ndilo liulipie. Rwanda fungu hilo inalo: ni Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na mamlaka ya udhibiti, RURA, na kuchangiwa na kampuni za mawasiliano. Marekani ina mfuko wa aina hiyo, nao umelipia intaneti ya shule na maktaba tangu miaka ya 1990. Hata hivyo ilichukua hadi Juni 2024 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kuidhinisha jaribio la miaka mitatu, la dola milioni 200, kwa ajili ya usalama wa mtandao. Maombi yaliyokuja yalifika dola bilioni 3.7, zaidi ya mara 18 ya fedha zilizokuwepo, na waliochaguliwa ni 700 na ushei tu. Nchi tajiri ilisambaza nyaya kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuhesabu deni la ulinzi. Sisi tungali na nafasi ya kulilipa kidogo kidogo, kabla halijavimba.

Atasema msomaji: madawati hayatoshi na chakula cha mchana kinachangishwa, iweje tuzungumzie wadukuzi? Pingamizi hili ni zito, na ndiyo sababu sipendekezi kugusa bajeti ya elimu. Mchango wa kampuni za simu haumnyang'anyi mtoto sahani yake. Isitoshe, ulinzi ulio wa lazima si ghali. Maktaba ya Taifa ya Uingereza, iliyoshambuliwa Oktoba 2023, ilieleza katika ripoti yake kwamba wavamizi huenda waliingia kupitia seva isiyodai uthibitisho wa hatua mbili. Maktaba ilikataa kulipa fidia, data zikamwagwa mtandaoni, na wasomaji wakakaa miezi bila katalogi. Pengo lilikuwa dogo, kuliziba kungegharimu kidogo.

Wengine huuliza ni nani atakayehangaika na shule ya Batsinda. Programu za uvamizi hazichagui umaarufu. Hupapasa anwani moja baada ya nyingine mpaka zipate iliyo wazi. Na tapeli wa hapa hapa Kigali hahitaji siri za dola. Akijua jina la mtoto, darasa lake na simu ya mama yake, anaandika ujumbe kwamba mtoto amekimbizwa hospitali, pesa zitumwe kwa MoMo sasa hivi. Mama gani atasita?

Pingamizi la tatu ni kwamba Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao ipo, na sheria ipo. Ni kweli. Sheria Na. 058/2021 ya kulinda data binafsi inadai ridhaa ya mzazi kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, na inampa mwenye kutunza data saa 48 tu kutoa taarifa ya uvujaji tangu aujue. Lakini mwalimu mkuu asiye na fundi ataujuaje uvujaji? Sheria imemtwika wajibu, fedha za kuutimiza hazijamfuata. Maktaba nazo zimo katika hali hiyo. Maktaba ya Umma ya Kigali, iliyofunguliwa Kacyiru mwaka 2012, huhudumia wasomaji wengi, na popote kompyuta moja inapotumiwa na watu wengi, anayeondoka bila kufunga akaunti humwachia anayemfuata barua zake zote.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi wa mfuko ni mahususi. Kila mkataba wa kuunganisha shule au maktaba uwe na kifungu cha ulinzi: fundi mmoja wa kuzungukia shule za sekta, nakala rudufu zinazotunzwa nje ya jengo, uthibitisho wa hatua mbili kwa kila anayeingiza data za wanafunzi, na simu ya kupiga usiku jambo likiharibika. Kinyinya, yenye Batsinda na Kagugu ndani yake, ingeweza kuwa sekta ya kuanzia. Sehemu ya tatu itapiga hesabu ya mshahara wa fundi huyo.