Nchi Ndogo za Kaskazini na Jirani Yao Mkubwa

Kaskazini mwa Ulaya zipo nchi tano zenye watu wachache: Denmark, Norwe, Uswidi, Ufini na Iceland. Watu wake wote pamoja hawatimii milioni 30. Hata hivyo ni nchi za neema, na raia wake huchagua serikali zao kwa kura. Jirani yao ni Urusi, dola kubwa yenye majeshi mengi. Yafaa kueleza jinsi walivyokaa na jirani huyo.

Ufini ndiyo yenye mpaka mrefu zaidi na Urusi, yapata kilometa 1,340. Novemba 1939 majeshi ya Dola ya Kisovieti, ambayo Urusi ndiyo iliyoiongoza, yaliingia Ufini. Wafini walipigana kishujaa katika theluji, lakini Machi 1940 iliwabidi kutoa sehemu ya nchi yao ili wapate amani. Watu zaidi ya 400,000 waliacha nyumba na mashamba yao.

Mwaka 1948 Ufini ilitia sahihi mkataba wa urafiki na Dola hiyo, ikajitenga na magomvi ya mataifa makubwa. Kwa njia hiyo bunge lake lilisalia, ingawa viongozi wake walilazimika kupima kila neno kabla ya kulitamka.

Norwe, Denmark na Iceland zilishika njia nyingine. Mwaka 1949 ziliingia NATO, yaani umoja wa mataifa yaliyoahidiana kusaidiana yakishambuliwa. Lakini Norwe, isije ikamtia jirani wasiwasi, ilitangaza kwamba haitaruhusu majeshi ya kigeni kuweka kambi nchini humo wakati wa amani. Uswidi nayo haikufungamana na upande wowote. Ilijenga jeshi lake yenyewe.

Mambo yakawa hivyo kwa miaka mingi. Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, Wafini na Waswidi waliona kwamba kukaa peke yao si salama tena. Ufini iliingia NATO tarehe 4 Aprili 2023, na Uswidi tarehe 7 Machi 2024.

Njia zao zilikuwa mbalimbali, lakini shabaha ilikuwa moja: kila nchi ijiamulie mambo yake. Mpaka ungali palepale, na Wafini wangali wanaishi mlangoni pa dola kubwa.