"Tia ya kutosha" si kipimo cha dawa ya maji

Wahenga walitwambia kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii nimeitumia mara nyingi katika ukumbi wa mihadhara, hasa ninapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza tawi la isimu linalohusika na maana za maneno. Sikudhani hata kidogo kwamba siku moja ingenirudia mimi mwenyewe, tena nyumbani kwangu, kando ya tangi la maji.

Ilikuwa Jumamosi moja ya kiangazi. Maji ya mfereji yalikuwa yamekatika kwa zaidi ya wiki moja, na tangi la saruji lililochimbiwa ardhini nyuma ya nyumba lilikuwa limebakia tupu. Niliona kuwa hiyo ndiyo fursa ya kulisafisha kabla ya zamu yetu ya mgao kufika. Nikamwita kijana mmoja wa mtaani anayefanya vibarua, nikamkabidhi brashi, ndoo na chupa mbili za maji ya kung'arisha nguo, yale ambayo wengi wetu huyaita jiki hata yakiwa na jina jingine kwenye chupa. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, nitie dawa kiasi gani?" Nami, nikiwa nimeinamia rundo la karatasi za mtihani, nikamjibu bila kuinua macho, "Tia ya kutosha."

Nilichokuwa sikijui ni kwamba alikuwa amekwisha kuzipaka kuta za tangi asidi ya kusugulia vyoo ili kung'oa ukoga. Alipoimwaga dawa yangu juu ya asidi ile, mvuke ulifuka. Nilisikia kikohozi kabla sijasikia ukelele. Mimi na jirani tulimvuta kwa mikono kupitia mdomo wa tangi, macho yakimchuruzika machozi na kifua kikivuma kama mivukuto ya mhunzi. Alilazwa hospitalini siku mbili akisaidiwa kupumua kwa oksijeni. Nashukuru kwamba alipona. Hata hivyo, nilipokwenda kumjulia hali, alinitazama akasema maneno ambayo hayajanitoka moyoni hadi leo: "Mwalimu, si ulisema ni dawa?"

Naam, nilisema ni dawa. Na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kujihoji. Neno hili tulilolipokea kutoka Kiarabu limebebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Dawa ya kikohozi humponya mwenye kikohozi. Dawa ya meno husafisha meno. Lakini dawa ya panya haimponyi panya, wala dawa ya kupe haimtibu kupe! Muundo wa maneno ni ule ule mmoja, ilhali mara moja tunazungumzia tiba na mara nyingine tunazungumzia sumu. Je, dawa ya maji iko upande gani? Ukweli ni kwamba iko pande zote mbili, na kinachoamua upande ni kipimo. Neno dawa, pamoja na uzuri wake wote, halina kipimo ndani yake.

Historia ya klorini yenyewe inathibitisha jambo hili. Mwaka wa 1774 mwanakemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, alichanganya asidi ya chumvi na madini ya manganizi akapata gesi yenye harufu kali ya kukaba koo. Mwaka wa 1810 Humphry Davy wa Uingereza aliipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya kijani iliyopauka. Mnamo Aprili 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, gesi hiyo hiyo ilifunguliwa karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji ikawaangamiza askari katika mahandaki yao. Mahandaki yaliwafaa sana dhidi ya risasi, lakini klorini ni nzito kuliko hewa takriban mara mbili na nusu. Haipai juu ikapotea, bali hutambaa chini na kujaa mashimoni. Ewe msomaji, tangi la ardhini ni nini kama si shimo? Asidi ya vyoo ikikutana na maji ya kung'arisha nguo huitoa gesi hiyo, na aliye ndani ya tangi huwa hana pa kukimbilia.

Basi kanuni ya kwanza ni kwamba dawa hii isichanganywe kamwe na asidi, wala na sabuni au dawa nyingine yoyote ya usafi. Aidha, asiingie mtu tangini peke yake. Iwapo ajali imetokea, anayeokoa asijitumbukize ndani kwa pupa, maana wengi wameangamia kwa kumfuata aliyetangulia. Mwathiriwa apelekwe penye hewa safi, macho yaoshwe kwa maji mengi, na daktari atafutwe hata kama mgonjwa anadai kwamba nafuu imekuja.

Hatari ya pili haina moshi wala ukelele, na kwa sababu hiyo imeenea zaidi. Klorini hufanya kazi mbili tofauti katika tangi. Kazi moja ni kuliua tangi vijidudu baada ya kulisugua. Kazi nyingine ni kuyatibu maji ya kunywa. Kwa kazi ya kwanza, mwongozo unaotumiwa na mashirika ya afya ni miligramu 50 za klorini katika kila lita, maji hayo yakae tangini saa 24, kisha yamwagwe yote, asiyanywe mtu. Kwa kazi ya pili, maji yaliyo maangavu huhitaji miligramu 2 hivi kwa lita. Tofauti ni mara 25! Lakini chupa ni ile ile, mkono ni ule ule, na neno ni lile lile: dawa. Anayekosea kazi moja kwa nyingine huinywesha familia yake maji ya kuchoma koo na kuvuruga tumbo.

Nawaomba walimu waniwie radhi nikiandika hesabu ndogo ubaoni. Chukua tangi la lita 1,000. Ukitaka miligramu 2 kwa kila lita, unahitaji gramu 2 za klorini. Maji ya kung'arisha nguo yenye nguvu ya asilimia 3.5 yana gramu 35 hivi katika kila lita. Gramu 2 zitapatikana katika mililita 57, yaani pungufu kidogo ya vijiko vinne vya mezani. Vijiko vinne kwa tangi zima! Sasa mfikirie msimamizi wa ploti anayemimina chupa nzima ya mililita 750. Ametia zaidi ya gramu 26, ambazo ni zaidi ya mara tano ya miligramu 5 kwa lita, kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa maji ya kunywa. Na kama maji hayo yalitoka katika bomba la jiji, yalikuwa yametiwa klorini tayari. Kama yaliletwa na lori, huenda mwenye lori naye alitia yake. Kila mmoja anatia "ya kutosha" bila ya kumwuliza mwenzake.

Ipo pia hatari iliyo kinyume cha hiyo. Dawa hii hupoteza nguvu kwa joto na mwanga. Chupa iliyokaa dirishani miezi mingi inaweza kuwa na harufu tu, nguvu zake zikiwa zimekwisha. Maji yenye tope huila klorini kabla haijawafikia vijidudu, kwa hivyo hayana budi kuchujwa kwanza. Hata maji maangavu lazima yaachwe nusu saa kabla ya kunywewa. Wala tusidhani kwamba klorini huweza kila kitu. Haiondoi floraidi iliyomo katika visima vingi vya Bonde la Ufa, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Haiwaui kwa urahisi vimelea wa aina ya kriptosporidiamu, ambao mwaka wa 1993 waliwaugusha watu wapatao 400,000 katika jiji la Milwaukee, Marekani, ingawa maji yalikuwa yametiwa klorini. Matangi ya mabati nayo huliwa na dawa hii polepole. Ama ile chenga kali inayouzwa kwa ajili ya vidimbwi vya kuogelea ina nguvu ya asilimia 65 au zaidi, na ikigusana na petroli au mafuta inaweza kuwaka moto.

Yamkini msomaji mmoja ameanza kusema moyoni, "Kama mambo ni hayo, mimi naiacha kabisa." La hasha! Hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko langu. Mji wa Maidstone nchini Uingereza uliposhambuliwa na homa ya matumbo mwaka wa 1897, mabomba yake yalisafishwa kwa dawa ya jamii hii. Mwaka wa 1908 Jersey City ya Marekani ilianza kuyatia maji yake klorini siku zote, na miji mingine ikafuata. Ni kweli kwamba mwaka wa 1974 mwanakemia wa Uholanzi, Johannes Rook, alionyesha kuwa klorini ikikutana na mabaki ya mimea majini huzaa kemikali ziitwazo trihalomethani, ambazo zimetiliwa shaka kiafya. Lakini Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kwamba hofu ya kemikali hizo isitufanye tulegeze kamba katika kuua vijidudu. Nasi Wakenya hatuhitaji kukumbushwa na wageni. Kipindupindu kilichozuka hapa nchini Oktoba 2022 kiliendelea kuua hadi mwaka uliofuata. Anayeiogopa klorini kiasi cha kuiacha anamkwepa nyoka akimkimbilia mamba.

Tufanyeje basi? Kwa maji ya kunywa, ni salama zaidi kuyatibu katika mtungi au ndoo ya lita 20 kwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye maelezo yake, kuliko kubahatisha katika tangi zima. Anayelazimika kulitibu tangi na ajue ujazo wake kwa lita, asome asilimia kwenye chupa, asitumie dawa yenye manukato, na apime kwa kijiko. Shule za bweni, ambazo tangi moja hunywesha mamia ya watoto, zinastahili kuwa na kifaa kile kidogo cha kupimia klorini ambacho hubadilisha rangi ya maji kuwa ya waridi. Si kifaa cha anasa.

Lakini ombi langu kuu ni kwa walimu wenzangu. Mwalimu wa kemia anayo fomyula, mwalimu wa hisabati anayo hesabu, na mwalimu wa Kiswahili anayo maneno. Mara nyingi watatu hawa hukutana katika chumba cha walimu kunywa chai tu. Kwa nini wasikutane mbele ya tangi la shule? Wanafunzi na wapime ujazo, wakokotoe gramu, kisha waandike kwa Kiswahili sanifu maagizo ambayo mpishi, bawabu na kibarua wataweza kuyafuata bila ya kukisia. Insha ya namna hiyo naiona bora kuliko insha kumi za "Safari niliyoifurahia". Lugha isiyoweza kumwambia mtu vijiko vingapi, kwa lita ngapi, kwa muda gani, si kwamba imepungukiwa na maneno. Sisi wasemaji wake ndio tumekuwa wavivu wa kuyatumia.

Mwezi uliopita kijana yule alirudi kwangu. Tangi lilikuwa limesafishwa kwa brashi na maji matupu, likajaa tena, naye akaniuliza swali lile lile la awali. Safari hii niliweka kalamu chini. Tulipima pamoja urefu, upana na kina, tukapata lita 3,000. Tukasoma chupa, tukapiga hesabu, tukatia vijiko kumi na kimoja, na kabla hajafunika tangi nikamwomba anirudie maagizo yote kwa kinywa chake. Aliyarudia bila ya kukosea hata moja.